Fundi wa Koo

Uji wa bushera ukiwa wa moto hupita mbio kwenye bomba la sindano; ukipoa hugoma. Jirani yangu hapa Nakawa analijua hilo kwa mililita, kwa sababu huupima. Huchukua bomba la mililita 10, huchomoa kisukumio, huziba tundu la chini kwa kidole, hujaza uji hadi mstari wa 10, halafu huachia kidole huku jicho likiwa kwenye saa ya simu. Sekunde 10 zikitimia huziba tena na kusoma kilichobaki. Ikibaki chini ya mililita 1, kinywaji ni chepesi kama maji. Kati ya 1 na 4, kimeanza kushika. Kati ya 4 na 8, kizito kiasi. Ikizidi 8, ni kizito hasa. Na kama halikutoka hata tone, bomba linawekwa kando na kazi inahamia kwenye uma na kijiko. Mama mwenye nyumba alimkuta siku moja jikoni katika shughuli hiyo, akamuuliza kama siku hizi watu wanadungwa bushera.

Si mpishi. Ni mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza, kijana aliyeajiriwa juzijuzi, na kazi yake ni katika hospitali ya kansa. Majirani humwita musawo, jina ambalo Kampala humpa yeyote avaaye koti jeupe, awe daktari bingwa au mchoma sindano. Wakisikia neno “usemi” hudhani anafundisha watoto wenye kigugumizi. Wapo wenzake wanaofanya hivyo, na ni kazi ya heshima. Yeye lakini sehemu kubwa ya siku yake hupita akitazama shingo za watu wazima wakijaribu kumeza kijiko kimoja cha uji.

Kipimo cha bomba si ubunifu wake. Ni cha mfumo wa kimataifa uitwao IDDSI, wenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, uliotungwa ili daktari wa Toronto na muuguzi wa Kampala wakisema “kizito kiasi” wawe na maana moja. Kabla yake kila nchi ilikuwa na lugha yake. Marekani ilipima vinywaji kwa nekta, asali na pudingi. Mwambie mzee wa Kayunga anywe kitu kizito kama pudingi uone atakavyokutazama. Ndiyo maana jirani yangu hupita Soko la Nakawa jioni, kando ya Barabara ya Jinja, akanunua vile vile atakavyolishwa mgonjwa wake akirudi nyumbani: unga wa ulezi, mihogo, matoke, karanga zilizosagwa, papai, parachichi. Kisha hupika, hupoza, hupima, huandika kwenye daftari la shule lenye jalada la buluu. Nimelipitia daftari hilo kwa ruhusa yake. Posho, yaani ugali, ina kurasa zake peke yake, maana posho ni mtihani: ikiwa kavu hupukutika na chembe zake hutawanyika mdomoni, ikiwa laini hunata kwenye kaakaa. Matoke yaliyopondwa vizuri hufaulu yakiwa na mchuzi. Mchuzi wa karanga hufaulu ukichujwa. Nafasi kati ya meno ya uma ni kama milimita 4, na mtu mzima aliyeagizwa chakula cha kusagwa hapaswi kukuta chembe pana kuliko hapo. Basi huupitisha uma kwenye sahani kama fundi cherehani apitishavyo futi kwenye kitambaa.

Ukurasa ulionishangaza zaidi unahusu mate. Mate ya binadamu yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na uji wote huu ni wanga. Ukimlisha mgonjwa kwa kijiko na kukirudisha kikombeni, kila safari kijiko hubeba mate kidogo, na uji huanza kulegea. Kikombe kilichoanza kizito huweza kumalizika kikiwa chepesi, na mgonjwa aliyemeza salama vijiko vya mwanzo akapaliwa na vya mwisho. Anayemlisha hatajua kilichotokea. Atasema mgonjwa amechoka. Dawa yake ni ndogo mno: mimina uji kidogo kidogo kwenye kikombe cha pembeni, na kikombe kikubwa kisiguswe na kijiko kilichotoka mdomoni. Nilimuuliza amelijua wapi. Akasema nadharia aliisoma darasani, lakini kuiona aliiona jikoni kwake.

Weka vidole viwili juu ya kongomeo, umeze mate. Utalisikia likiruka juu na kurudi. Katika mruko huo, unaokwisha ndani ya sekunde moja hivi, kuna kazi ya zaidi ya misuli 30. Ulimi unasukuma tonge nyuma. Kaakaa laini linapanda kuziba njia ya pua. Pumzi inasimama. Nyuzi za sauti zinafungana, zoloto, lile kongomeo uliloligusa, linapanda na kujificha chini ya shina la ulimi, kifuniko chake kinalala juu yake, na wakati huohuo mlango wa umio, ambao muda wote huwa umefungwa, unafunguka. Chakula kinapita mahali ambapo nusu sekunde iliyotangulia palikuwa pa hewa. Njia panda hiyo moja inatumiwa na uhai wa aina mbili, na tunaivuka mamia ya mara kwa siku bila kuiwaza.

Kansa ya ulimi, ya koo au ya zoloto huvuruga zamu hiyo. Uvimbe wenyewe huziba. Kisu cha daktari huondoa kipande cha ulimi ambacho ndicho kilichokuwa kikisukuma. Mionzi huua kansa, lakini hukausha tezi za mate, huchoma ngozi ya ndani ya mdomo ikawa vidonda, na baadaye, miezi au hata miaka baada ya matibabu kwisha, hukakamaza misuli ya shingo ikawa migumu kama mkanda. Mgonjwa ameambiwa amepona, na picha zinaonyesha amepona. Lakini matoke hayapiti.

Kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba maji ndiyo adui mkubwa kuliko vyakula vingi. Tunampa mgonjwa maji tukidhani tunamwonea huruma. Maji hukimbia, hufika kwenye njia panda kabla milango haijafungwa, yakaingia mapafuni. Uji mzito hutembea polepole na kumpa mgonjwa nafasi. Mbaya zaidi, wapo wanaopaliwa kimya kimya. Neva zao za koo zimepoteza hisi, maji yanaingia njia ya hewa wala hawakohoi, na familia inafurahi kwamba mzee leo amekunywa vizuri. Siku chache baadaye ana nimonia.

Kwa hao kuna mashine: picha za eksirei zinazotembea huku mgonjwa akimeza bariamu, au kamera nyembamba inayopitishwa puani, njia iliyoelezwa na Mmarekani Susan Langmore mwaka 1988. Mashine hizo hazipatikani kila mahali wala kila siku. Kinachopatikana kila siku ni vidole na masikio, na hapo ndipo ninapoanza kuvutiwa na ufundi huu.

Nilikaa pembeni ya kitanda cha mzee mmoja aliyetoka upande wa Bunia. Kuna wengi kama yeye. Wakongo, Wasudani Kusini, Wanyarwanda hufika Kampala kutafuta tiba ya kansa, na Kiswahili ndicho kinachomwokoa mtaalamu wetu asiyejua Kilendu wala Kinande. Nilitarajia aanze na kijiko. Hakugusa kijiko kwa muda mrefu. Kwanza alitazama tu jinsi mzee anavyopumua, kwa sababu mtu anayehema mbio hawezi kusimamisha pumzi ili ameze. Kisha akamkalisha wima, mito miwili nyuma, miguu ikanyage sakafu. Kisha akamsafisha mdomo, taratibu, kwa kitambaa laini na maji yenye magadi: ufizi, ndani ya mashavu, chini ya ulimi, kaakaa. Alisema baadaye kwamba hiyo ndiyo tiba watu wanayoidharau kuliko zote. Mate yataingia mapafuni tu kwa mgonjwa kama huyu, hata asipolishwa kitu. Afadhali basi yaingie mate masafi.

“Baba, kohoa kwa nguvu.” Mzee akakohoa. “Sema aaa, uivute.” Akaivuta. Hapo nikamwona akiinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Alikuwa akiikariri ile sauti kavu, aijue, ili aweze kuilinganisha.

Ndipo akaweka vidole vinne shingoni mwa mzee, kwa mpangilio ulioachwa na Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern, mwanamke ambaye kitabu chake cha 1983 kiliifanya tiba ya kumeza kuwa fani kamili. Kidole cha shahada kikae chini ya kidevu kisikie ulimi ukianza. Cha kati kikae kwenye mfupa mdogo wa koo. Cha pete na cha mwisho vikae juu ya zoloto. Kwa vidole hivyo mtu husoma kwamba ulimi umechelewa kuanza, au umeanza lakini zoloto limepanda nusu tu, au limepanda likachoka. Kijiko kidogo cha maji kikaingia. Vidole vikasubiri. Vikasubiri tena. Mimi sikuona kitu. Yeye akasema, “Aaa tena, baba.” Sauti ikatoka na unyevunyevu, kama ya mtu anayesukutua. Mzee hakuwa amekohoa hata kidogo.

“Maji inapita njia mubaya, binti yangu,” mzee akasema mwenyewe.

“Ndiyo, baba. Leo tuanze na uji.”

Akampa uji, akamwambia ainamishe kidevu karibu na kifua, ameze kwa nguvu kama anayemeza kidonge kikubwa. Aaa. Bado unyevu kidogo. Akabadilisha: ashike pumzi, ameze, akohoe hapohapo kabla ya kuvuta hewa, ameze tena. Aaa. Safari hii ilitoka kavu. Akarudia mara kadhaa ahakikishe si bahati. Alipotoka hapo aliandika mistari minne kwenye faili. Nimewahi kusoma ripoti ndefu zisizosema nusu ya ilichosema mistari ile.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa imebaki sehemu ngumu, yaani binti wa mzee. Katika hospitali zetu muuguzi halishi mgonjwa. Anayelisha ni ndugu aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Agizo likibandikwa ukutani halilishi mtu. Kwa hiyo musawo alimkalisha binti kwenye stuli, akachukua kijiko kingine, akamlisha yeye. Alimlisha harakaharaka, kijiko kikubwa, kingine kabla cha kwanza hakijaisha, huku akimuuliza habari za nyumbani. Binti akasakamwa, akacheka, akasukuma mkono. Halafu akamlisha vizuri: kijiko kidogo, kimya, kungoja kongomeo lipande na kushuka kabla ya kingine. Hakumhubiria. Alimkabidhi kijiko na kumwachia baba yake, akasimama nyuma akiangalia.

Kuna chombo kingine cha kazi yake ninachokipenda: fungu la vijiti vya mbao, vile bapa ambavyo daktari hukandamizia ulimi. Mdomo wa mtu mzima kwa kawaida hufunguka milimita 40 hadi 50. Mionzi na upasuaji vinaweza kukaza taya mpaka mdomo usifunguke hata milimita 35, na chini ya hapo mtu huanza kushindwa kupiga mswaki, kuweka kijiko, hata kukaguliwa kama kansa imerudi. Vipo vifaa vya kigeni vya kunyoosha taya, na bei yake ni ya kigeni pia. Vijiti hufanya kazi ile ile. Vinapangwa moja juu ya kingine, vinaingizwa kati ya meno, na mgonjwa anavishika hapo. Baada ya muda kinaongezwa kimoja kwa kukipenyeza katikati ya fungu, pole pole, bila kulazimisha. Unene wa kijiti kimoja hauzidi milimita 2. Yaani hayo ndiyo maendeleo yanayotarajiwa: milimita 2, labda kwa siku, labda kwa wiki. Jirani yangu huandika tarehe kwa penseli kwenye kijiti kipya kila kinapoingia. Mgonjwa huondoka na fungu lake nyumbani likiwa limefungwa kwa raba, na tarehe zake zote zikisomeka pembeni.

Kazi ya sauti ina historia ndefu zaidi kuliko ya kumeza. Tarehe 31 Desemba 1873, huko Vienna, Theodor Billroth aliondoa zoloto lote la mgonjwa wa kansa. Msaidizi wake Carl Gussenbauer akaunda kifaa cha kumrudishia sauti, na taarifa yake ikachapishwa 1874. Tangu mwanzo, basi, walijua kwamba kuokoa maisha na kurudisha sauti ni kazi mbili, na ya pili haiji yenyewe. Baada ya upasuaji huo mgonjwa hupumua kupitia tundu la shingoni daima. Pua na mdomo havina tena uhusiano na mapafu. Anaweza kujifunza kumeza hewa na kuirudisha kama anayepiga mbweu, akaigeuza kuwa maneno. Wapo waliofika mbali kwa njia hiyo, lakini huchukua miezi mingi na si wote huiweza. Anaweza kushika kifaa cha betri kinachotetema shingoni. Au, tangu Mark Singer na Eric Blom walipotangaza njia yao mwaka 1980, anaweza kutobolewa kitundu kati ya njia ya hewa na umio na kuwekewa vali ndogo ya silikoni. Akiziba tundu la shingoni kwa kidole, hewa ya mapafu hupita kwenye vali na koo hutetema. Vali hizo huchakaa baada ya miezi michache na ni ghali. Ndiyo maana kazi ya Vishal Rao, daktari wa Bengaluru aliyebuni vali iitwayo Aum iliyokuwa na bei ya kama dola moja, ilizungumzwa sana kote ambako mgonjwa hulipa kutoka mfukoni.

Kifaa cha betri kina shida ambayo vitabu vya Ulaya haviisumbukii sana. Kinatoa mlio wa kimo kimoja. Kiganda ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au kushuka huenda maana ikabadilika. Tena mlio haukatiki, kwa hiyo p hugeuka b na t hugeuka d masikioni mwa msikilizaji. Jirani yangu hawezi kukirudishia kifaa toni. Anachofanya ni kutafuta kilichobaki mdomoni. Kiganda hutofautisha konsonanti fupi na ndefu, “okuta” ni kuachia na “okutta” ni kuua, na urefu huo hutengenezwa na ulimi, si na zoloto. Basi huwafundisha wagonjwa kuushika ulimi mahali pake muda mrefu kuliko walivyozoea, kuzitia chumvi konsonanti, kufungua midomo kama wanaosoma habari, na kukizima kifaa kwa kidole gumba mwisho wa kila fungu la maneno. Humfanyisha mazoezi mgonjwa kwa sentensi za sokoni: bei gani, punguza, nipe chenji yangu. Akiweza kubishana bei na mtu asiyemfahamu, amefaulu. Naona hicho ni kipimo bora kuliko fomu yoyote.

Na kuna harufu. Sikuwa nimewaza kwamba mtu anayepumua kupitia shingo hanusi kitu, kwa kuwa hewa haipiti puani. Anakula matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba bila ile harufu ambayo ni nusu ya utamu wake, na hasikii moshi nyumba ikiungua. Waholanzi, kundi la Frans Hilgers la Amsterdam, walieleza njia ya kuinasa harufu tena: funga midomo, kisha shusha taya na ulimi kama anayezuia mwayo mbele ya wakwe. Nafasi mdomoni huongezeka, na hewa kidogo huvutwa ndani kupitia puani. Mtaalamu wetu hutumia vikopo vitatu vya kahawa, tangawizi na sabuni, mgonjwa akiwa amefumba macho. Nimemwona mama mmoja akipiga mwayo wake wa adabu juu ya kopo, akapiga tena, kisha akasema kwa midomo, bila sauti: kahawa. Akaomba kopo la pili mwenyewe.

Si ajabu kazi hii iote mizizi Kampala. Ilikuwa Mulago, mwaka 1957, ambako daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1958 akachapisha maelezo ya kansa ambayo leo inabeba jina lake. Kutokana na watoto hao wenye taya zilizovimba ilizaliwa mwaka 1967 Taasisi ya Kansa ya Uganda, kwenye kilima hicho hicho cha Mulago. Yaani taasisi hiyo ilianzia mdomoni. Lakini shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, miaka 41 baada ya taasisi ile. Silaumu mtu, nchi ilikuwa na vita, na haja ya kuishi ilitangulia haja ya kusema. Ila pengo hilo ndilo linaloeleza kwa nini mpaka leo mtaalamu wa aina hii, mahali pengi, huitwa mwishoni, mgonjwa akiwa amekwisha konda, mpira wa kulishia ukiwa puani kwa wiki kadhaa, na misuli ikiwa imesahau kazi.

Misuli ya kumeza husahau upesi. Kate Hutcheson na wenzake wa hospitali ya MD Anderson, Houston, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya wagonjwa 497 wa kansa ya koo waliopata mionzi. Walioendelea kula kwa mdomo wakati wa matibabu, na waliofanya mazoezi yao ya kumeza, walikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kurudia chakula cha kawaida baadaye. Waliofanya yote mawili walikuwa bora kuliko wote. Kwa maneno mengine, mtaalamu huyu anatakiwa kabla ya mionzi. Akija kabla ya upasuaji wa zoloto, humweleza mgonjwa atakavyoamka bila sauti, humchagulia njia ya kuomba maji au kumwita muuguzi, huandaa ubao wa picha kwa asiyejua kusoma, na humwambia ajirekodi kwenye simu akiwasalimia wanawe. Akija baada ya hapo, mgonjwa huamka akidhani amekufa nusu.

Akiwa mgeni kazini, katika mzunguko wa madaktari wodini husimama mstari wa nyuma. Sauti yake ni ndogo na amri yake ni ndogo zaidi. Nilichokiona ni kwamba ameijenga heshima yake kwa kutosema asichokijua. Akiulizwa kama mgonjwa anaweza kula, hujibu anachokijua: uji wa uzito fulani, akiwa amekaa wima, asubuhi kabla hajachoka, maji bado. Akitilia shaka husema nitamwona tena kesho, na kesho huonekana.

Jambo lililonifanya nimheshimu kuliko yote halikuwa la mbinu. Alikuwapo bibi mmoja ambaye matibabu yalikuwa yamefika ukingoni, na kila alichokunywa kilipita njia mbaya. Kanuni ni rahisi: asipewe kitu mdomoni. Bibi alitaka chai ya maziwa. Familia ilimgeukia musawo kijana wakingoja ruhusa au katazo. Aliwaeleza hatari yote bila kuipunguza, akazungumza na daktari na wauguzi wa tiba shufaa, kisha akaketi akampa bibi chai yake kwa kijiko cha mtoto, matone machache, vuguvugu, akingoja baada ya kila tone, akimfuta midomo. Ufundi ule ule wa vidole vinne na masikio, ila safari hii haukuwa wa kuzuia nimonia. Chai ilichukua karibu saa nzima na nusu kikombe kilibaki.

Asubuhi hupanda boda kwenye stendi ya Nakawa, hupita Lugogo, hutokea Barabara ya Kira na kuelekea kazini, begani mkoba wenye mabomba ya sindano, vijiti, vikopo na lile daftari la buluu. Mshahara wa kuanzia si wa kuoneana wivu, na wenzake wa fani hii nchini ni wachache mno kwa idadi ya shingo zinazowangoja. Hospitali inayonunua mashine ya mionzi na isiajiri mtu wa kumeza imenunua nusu ya tiba.

Wewe msomaji, kama ndugu yako amepangiwa upasuaji wa koo au mionzi ya kichwa na shingo, usingoje ashindwe kula ndipo uulize. Uliza kabla tarehe haijafika: nani atamtazama akimeza, na lini ataanza? Ukiambiwa hayo ni ya baadaye, uliza tena.